Padre Klementi Msabaha na Kitabu Kilichonywewa Zinga

Alizaliwa tarehe ishirini Novemba mwaka 1899, katika kijiji cha Wakristo nyuma ya misheni ya Bagamoyo, siku ambayo mama yake alikuwa akimenya mihogo kwa ajili ya jiko la masista na hakuwahi kuimaliza. Siku ya tatu baada ya kuzaliwa alibatizwa, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Klementi, Papa na shahidi, akapewa jina hilo. Baba yake, Paulo Kitwana Msabaha, alikuwa seremala wa misheni, mtu mpole aliyetengeneza majeneza ya maskini kwa mbao zilezile alizotengenezea makabati ya mapadre. Mama yake aliitwa Maria Mize. Huyu aliletwa pwani na msafara wa watumwa akiwa na umri wa miaka kama sita, wala hakujua kabila lake wala kijiji chake. Katika safari ile yote alikumbuka jambo moja tu: mpagazi mmoja, mtumwa kama yeye, alimbeba mabegani siku mbili na kumgawia maji yake. Mapadre walimkomboa Bagamoyo. Jina la yule mpagazi hakulijua kamwe, lakini kila jioni alimtaja katika sala zake kama "yule wa mabegani", na watoto wake wakajifunza kumtaja hivyohivyo.

Inasimuliwa kwamba Klementi alipokuwa na miaka saba alimkuta mama yake akipepeta mchele, akamwuliza swali ambalo wakubwa wa kijiji kile hawakuthubutu kuulizana. "Mama, walipokuuza, ulikuwa kitu?" Mize hakukasirika, wala hakuuacha ungo. Alipepeta kidogo, akasema, "Walinunua mikono yangu, mwanangu, wakanunua na miguu. Lakini kuwapo kwangu hakukuwa sokoni. Huko Mungu alikuwa hajakutoa mkononi mwake." Padre Klementi alisema uzeeni kwamba vitabu vyote alivyovisoma baadaye vilikuja kumweleza maneno yale ya ungoni, na kwamba hakuna hata kimoja kilichoyapita.

Mwaka 1913 aliingia seminari ya bara. Vita vilipokuja, seminari ilifungwa, naye akarudi nyumbani. Katika miaka ile ya njaa alimsaidia baba yake kuzika watu, na alikuwa na desturi ya kuuliza jina la kila maiti kabla ya kutia udongo; asipopata jina, alisema, "Ee Mungu, wewe unamjua." Baada ya vita akarudi masomoni. Huko mwalimu mmoja mzee alimpa kitabu cha Mtakatifu Tomaso kwa Kilatini, jalada lake limeliwa na mchwa, akamwambia, "Chukua, wenzako wanakiogopa." Klementi alikisoma akiwa amesimama, kwa kuwa akiketi alisahau kuinuka. Ndani yake alikuta imeandikwa kwamba kitu kuwa kitu fulani ni jambo moja, na kitu hicho kuwapo ni jambo jingine. Kwamba hakuna kiumbe kinachojipa kuwapo, bali kila kimoja hupokea, si siku ya kuumbwa tu, bali sasa hivi, pumzi kwa pumzi. Na kwamba Mungu peke yake hakupokea kuwapo kwa yeyote, kwa maana yeye ndiye kuwapo kwenyewe. Alipofika hapo aliweka kitabu chini, akatoka nje, akasimama mbele ya ng'ombe wa seminari aliyekuwa akitafuna majani, akamtazama mpaka kengele ya chakula ikalia.

Wenzake walimcheka. "Klementi, huyo ng'ombe ni shangazi yako?"

"Sikuwahi kumwona," akajibu.

"Unamkamua kila Jumanne!"

"Nilikuwa naona ng'ombe. Sikuwahi kuona kwamba yupo."

Walimtania kwa maneno hayo mpaka siku ya upadirisho wao, mwaka 1929. Lakini mmoja wao, aliyekuwa wa kwanza kucheka, aliandika miaka mingi baadaye kwamba tangu siku ile hakuweza tena kupita mbele ya mnyama au mti bila kupunguza mwendo.

Alirudi Bagamoyo kama padre, akafanya kazi ambazo mapadre hufanya: kuungamisha, kufundisha katekisimu, kupanda baiskeli kwenda kwa wagonjwa, kupatanisha wanandoa. Mwaka 1936 alianza kuandika kitabu juu ya kuwapo kwa vitu na kuwapo kwa Mungu, kwa Kiswahili. Aliombwa akiandike kwa Kilatini ili kiheshimiwe, naye akasema kwa unyenyekevu kwamba mama yake hakujua Kilatini, na hata hivyo alilijua jambo lenyewe. Alitaka kuandika yale tu ambayo akili ya mwanadamu yaweza kuyafikia kwa kutazama viumbe vizuri, kabla ya mambo ya imani kufunuliwa, ili kila mtu wa pwani, awe wa kanisani au wa msikitini, aweze kutembea naye mpaka hapo bila kuacha chochote chake nyuma.

Ndipo jaribu la kwanza likaja. Ukungu uliingia machoni mwake mwaka 1938, na mwaka 1940, baada ya madaktari kujaribu jicho moja bila mafanikio, akawa kipofu kabisa. Misa aliisema kwa moyo. Kitabu hakikuwa kimefika hata robo, wala hapakuwa na mtu misheni mwenye nafasi ya kuandika kwa ajili yake. Alikuwa akikaa barazani akijisemea kurasa kwa sauti ili asizisahau. Siku moja alikuwa akieleza, kwa mfano wa tanuru la chokaa, jinsi kitu kinavyoweza kubadilika na bado kukawa na kitu kinachobaki, mara sauti ya mtu asiyemjua ikamkatiza kutoka uani.

"Samahani, Padre. Chokaa haichomwi hivyo."

"Huchomwaje, bwana?"

"Hayo matumbawe uliyoyapanga wewe yangezima moto. Kuni kwanza, zipangwe mviringo. Halafu matumbawe juu."

"Basi kaa uniambie. Nimewachomea watu chokaa mbichi miaka minne."

Mtu huyo alikuwa Bwanaheri, Mwislamu wa kijiji cha Zinga, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuja misheni kuomba dawa ya homa kwa ajili ya mkewe Mwanamvua. Alikaa barazani mpaka adhuhuri. Wiki iliyofuata alirudi, akasema kwamba ana mkono mzuri wa kuandika, na kama Padre hana mwandishi, yeye atakuja siku mbili kila juma. Hakujua herufi za kizungu. Alijua zile za Kiarabu tu, ambazo watu wa pwani wameandikia Kiswahili tangu mababu. Padre Klementi alifurahi kama mtu aliyeletewa macho. Padre Mkuu wa misheni hakufurahi. "Elimu ya Kanisa kwa herufi za chuoni?" aliuliza. Padre Klementi akamjibu kwamba siku za mbele mtu ataihamishia katika herufi za kizungu ichapwe. Kwa sasa, herufi ni kibebeo tu, kama mtungi.

Hivi ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka saba. Bwanaheri alitawadha kwanza, akakaa mkekani, akaweka ubao mapajani. Padre alifanya ishara ya msalaba. Kisha wote wawili walinyamaza kidogo, kila mtu na sala yake. Padre alisema, Bwanaheri akaandika, kwa wino aliouchanganya mwenyewe wa masizi ya taa na gundi ya mti, kwa kuwa wakati wa vita wino wa chupa haukupatikana. Na walikuwa na sheria yao: ukurasa ukiisha, husomwa mbele ya mtu yeyote anayepita na kazi yake, awe mpishi, mfuaji au mwuza samaki, naye asipoelewa, ukurasa huandikwa upya. Kuna ukurasa mmoja ulioandikwa mara tisa kwa sababu ya mpishi. Bwanaheri alipochoka alisema, "Padre, huyu mpishi ni mjinga," na Padre akajibu, "Mwalimu, amepika wali wa watu arobaini bila kuunguza. Mjinga atakuwa mmoja wetu."

Mwaka 1946 mchwa waliingia katika chumba cha vitabu cha misheni. Kwa hofu hiyo karatasi zote za kitabu, ambazo mpaka mwaka uliofuata zilifika mia mbili na kumi na nne, ziliwekwa katika kasha la mvule na kupelekwa nyumbani kwa Bwanaheri, Zinga. Nakala nyingine haikuwapo. Baba Askofu alikuwa ameahidi kwamba kitabu kikikamilika atakitafutia mchapaji, na kilikuwa kimebaki kidogo sana kukamilika.

Mwezi wa Mei mwaka 1947 Bwanaheri alikwenda ng'ambo ya Ruvu kumzika kaka yake. Mto ukafurika nyuma yake, akazuiwa huko siku kumi na tisa. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka, binti yake Mwaija alishikwa na uchungu wa kuzaa. Uchungu ukaendelea siku mbili mtoto asionekane. Mkunga, Bi Fatu, alifanya yote anayoyajua, kisha akamwambia Mwanamvua kwa sauti ndogo, "Dada, tafuta kombe."

Watu wa pwani wanajua kombe ni nini. Mtu mwenye elimu huandika maneno matakatifu kwa wino unaooshika, maandishi huoshwa kwa maji safi, na mgonjwa hunywa maji yale. Mwenye kuandika alikuwa ng'ambo ya mto. Lakini katika nyumba ile palikuwa na kasha. Mwanamvua hakujua kusoma, hakuna aliyemfundisha. Alichokijua ni kwamba mumewe hakuzigusa karatasi zile bila kutawadha, na kwamba mtu wa Mungu, kipofu, alizisema kwa sala. Na mara nyingi, mumewe alipozisoma kwa sauti nyumbani, alilisikia jina la Mungu. Alifungua kasha. Akachukua karatasi ya kwanza juu, akaiosha bakulini, masizi yakateremka, akamnywesha mwanawe. Akachukua ya pili na ya tatu. Alasiri ile Mwaija alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Tabia, na wote wawili walikuwa hai.

Habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba. Siku zilezile za mwisho wa masika homa kali iliingia Zinga, na hapakuwa na nyumba isiyo na mtu kitandani. Wanawake wakaja mlangoni kwa Mwanamvua na mabakuli yao. Angewanyima vipi? Alitoa karatasi moja, mbili, kwa kufuata mpangilio, kutoka juu kwenda chini, bila kupendelea mtu. Hata yule jirani aliyekuwa amegombana naye kwa ajili ya kisima alipewa, naye alipewa mbili kwa kuwa mtoto wake alikuwa na hali mbaya zaidi. Bwanaheri aliporudi, katika kasha zilikuwa zimebaki karatasi kumi na moja. Mia mbili na tatu nyingine zilikuwa zimeanikwa kwenye ua wa nyuma, nyeupe, safi, kwa kuwa Mwanamvua aliona karatasi ni ghali na mumewe huenda akazihitaji tena.

Bwanaheri hakula siku ile. Alitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo, akamkuta Padre Klementi barazani, akapiga magoti mbele yake na kumweleza yote. Waliokuwapo wanasema kwamba mpishi alitoka jikoni kutazama kuna nini. Miaka kumi na moja ya kazi. Kipofu wa miaka arobaini na saba. Na mwandishi wake ndiye aliyeleta habari. Kisha Padre akauliza:

"Mwaija yupo?"

"Yupo, Padre. Yupo na mtoto."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Tabia."

"Mungu ashukuriwe," akasema Padre. Akamtafuta Bwanaheri kwa mkono, akamwinua. "Inuka, Mwalimu. Umetembea kutoka Zinga hujala." Akamwita mpishi. Baada ya Bwanaheri kula na kwenda zake, Padre aliingia chumbani, na mpishi alimsikia akilia kama mtu aliyefiwa. Tusifiche jambo hili. Watakatifu hawakupewa mioyo ya mawe, na chozi lake lina thamani kwetu kwa kuwa lilikuja baada ya chakula cha mgeni.

Siku tatu baadaye aliomba apelekwe Zinga. Mwanamvua alipomwona akishushwa uani kwake, alijifunika uso kwa kanga.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, Mama Mwaija. Hamjambo hapa?"

"Padre, nimekuua."

"Ningekuwa maiti nisingesikia unavyolia. Njoo ukae."

"Sikujua. Mimi sijui kusoma. Nilijua tu kwamba jina la Mungu limo."

"Limo. Hukukosea hapo." Kisha akasema kwa upole lakini kwa uwazi, ili wote waliokusanyika wasikie, "Lakini wino ule si dawa, ndugu zangu. Ni masizi na gundi. Mwaija ameokolewa na Mungu, na Mungu alimtumia Bi Fatu."

"Alhamdulillahi!" Bi Fatu akaitikia kutoka mlangoni. "Wiki tatu nasubiri mtu anitaje."

Watu wakacheka, na Mwanamvua naye akacheka ndani ya kanga yake. Alipomaliza kucheka, akauliza swali ambalo limekuwa chanzo cha yote tunayoyakumbuka. "Basi, Padre, yale maandishi yalisema nini? Mwanangu amekunywa nini?"

Padre Klementi akakaa wima. Akaomba aitwe Mwaija. Akamwambia neno kwa neno ukurasa wa kwanza, ambao ulianza hivi: "Kabla hujauliza kitu ni nini, shangaa kwanza kwamba kipo. Kingeweza kutokuwapo. Wewe nawe ungeweza kutokuwapo. Kuna anayekupa, na hajachoka." Mwaija alisikiliza mtoto akiwa kifuani. Akaomba arudiwe. Akarudiwa mara tatu, mpaka akaweza kuusema mwenyewe, kama watoto wa chuo wanavyosema sura; wa pili na wa tatu aliahidiwa siku nyingine. Kisha mwanamke mwingine akatokea nyuma, akasema, "Mimi nilifuata baada ya Mwaija. Wangu ulikuwa upi?"

Wakati huo Padre Mkuu alikuwa amepata habari, akahuzunika, kwa maana aliona maandiko ya padre yamefanywa uganga. Alimwandikia Baba Askofu, naye akaja Bagamoyo mwezi wa Agosti. Alimwuliza Padre Klementi kama aliruhusu, naye akasema hakuruhusu wala hakujua, lakini asilaumiwe Mwanamvua, kwa sababu alitafuta uhai kwa Mungu, na akili yake ilipungukiwa tu na habari ya njia. Askofu alikuwa mtu wa haki. Akamwambia, "Kichwani unacho bado. Nenda seminari ya bara miaka miwili. Nina mwandishi mmoja anayejua herufi za kizungu, ana nafasi mwaka huu tu. Ukikataa sasa, sina mwingine, na umri wako na afya yako vinaonekana. Kitabu hiki kinangojewa."

"Na watu wa Zinga, Baba Askofu? Homa bado ipo, nao wananingoja. Kila mmoja anauliza alikunywa nini."

"Huwezi kuyapata yote mawili, Padre. Sikuamuru. Nakuachia uhuru."

Padre Klementi aliomba siku moja, akaitumia kanisani tangu asubuhi mpaka jioni bila kula. Hakuna ajuaye aliyoyasema huko na Mungu. Alitoka akiwa amekonda uso, akamwambia Askofu kwamba anaomba kubaki.

"Na kitabu?" akauliza Askofu.

"Kitabu kiko Zinga, Baba Askofu. Kimekwisha kutoka."

Askofu alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa na machozi. Akambariki, akaondoka, na mwandishi yule akapewa kazi nyingine.

Hivyo ilianza miaka ile minane ambayo ndiyo taji la maisha yake. Kila Jumatatu alikwenda Zinga na kukaa mpaka Alhamisi. Asubuhi aligawa dawa za misheni na kuwafundisha watu kuchemsha maji. Alasiri alikwenda nyumba kwa nyumba kumpa kila mtu ukurasa wake. Aliyemwongoza njiani alikuwa Mwanamvua mwenyewe. Alishika ncha moja ya fimbo, Padre akashika ncha ya pili, naye akamtajia kila shimo na kila mzizi. Na kwa sababu hakujua kusoma, Mwanamvua alikuwa na kumbukumbu ambayo wasomaji hatunayo: alikumbuka watu wote waliokuja na mabakuli, nani alimfuata nani, nani alipewa ngapi. Padre alikumbuka kurasa kwa mpangilio wake, yeye akakumbuka watu kwa mpangilio wao, na kurasa na watu wakapatana bila kukosea.

Si wote waliokuwa wepesi. Mzee Abdala, mchoma chokaa, alilalamika, "Mimi nilikunywa karatasi mbili, Padre, mbona unanipa maneno ya moja?" Padre akamwambia, "Ya pili ndiyo ile ya tanuru, mzee wangu. Niliogopa utanicheka." Abdala aliisikiliza yote, akairekebisha mahali pawili, na ikabaki hivyo. Ashatu, ambaye mwanawe alikufa kwa homa ingawa alinywa, hakutaka kumwona Padre. Alimfungia mlango majuma kumi na manne. Padre alikwenda kila juma, akakaa nje ya mlango huo, akasalimu, akanyamaza, akaondoka. Juma la kumi na tano Ashatu alisema kutoka ndani, "Wa mwanangu ulisema nini?" Padre akajibu kupitia mlangoni: "Ulisema, ubaya haukufumwa na Mungu. Tundu la kanga si uzi mweusi ambao mtu ameutia. Ni uzi usiokuwapo mahali ulipostahili kuwapo. Ndiyo maana linauma. Lakini palipo na tundu, kanga ipo." Ashatu akafungua. Akamletea maji ya kunywa. Baadaye aliusema ukurasa ule kwa kila mwanamke aliyefiwa na mtoto kutoka Zinga mpaka Bagamoyo mjini, akitembea kwa miguu.

Padre Klementi hakubatiza hata mmoja wa watu wale, wala hakuwashawishi. Wengine walimlaumu kwa hilo. Alisema alikuwa akilipa ahadi aliyoitoa alipoanza kitabu, ya kutembea na kila mtu mpaka pale ambapo macho ya wote yanaweza kuona. Walipofika hapo pamoja, alisema, mshangao wao ulikuwa mkubwa kuliko wake, naye akajifunza kusali kutoka kwao.

Siku moja, wakirudi njiani, Mwanamvua alisimama, akasema, "Padre, watu wote wamepata. Mimi je? Niliosha zote, sikunywa hata moja." Padre akasema, "Wewe una mpangilio, mama. Bila wewe ni kurasa tu." Lakini Mwanamvua hakuridhika, na Padre alilijua hilo kwa jinsi fimbo ilivyovutwa.

Alifariki tarehe kumi na saba Aprili mwaka 1956, kwa homa ya mapafu, baada ya kunyeshewa na mvua njiani. Alipopakwa mafuta matakatifu alikuwa na akili zake. Alimtaja mama yake, na yule wa mabegani. Maneno yake ya mwisho, kama Padre Mkuu mwenyewe alivyoyaandika, yalikuwa: "Yupo. Na mimi nipo. Ajabu." Padre Mkuu aliongeza chini yake, kwa mkono wake: "Nilikosea habari za mtu huyu."

Siku ya maziko watu wa Zinga walikuja tangu alfajiri, wanaume kwa kofia zao, wanawake kwa mabuibui na kanga. Hawakuingia kanisani, walisimama uani kwa adabu mpaka Misa ilipokwisha na jeneza likateremshwa. Ndipo Mwanamvua, aliyekuwa sasa mzee, akasogea na fimbo ile mkononi. Akaita, "Mwaija." Mwaija akatokea na binti yake Tabia, msichana wa karibu miaka tisa, wakasema pamoja kurasa zao tatu, wakianza hivi: "Kabla hujauliza kitu ni nini, shangaa kwanza kwamba kipo." Mwanamvua akaita mtu wa pili, na wa tatu. Waliokwisha kufa, watoto wao walisimama mahali pao. Mzee Abdala alisema zake mbili, na marekebisho yake. Ashatu alisema wa mwanawe. Wengine walichanganya maneno kidogo, na mmoja alisahau katikati, akalia, na wenzake wakamsaidia. Ilichukua asubuhi yote. Mapadre waliokuwapo, na baadhi yao walikuwa wamesoma Roma, walisimama juani wakisikiliza elimu ya juu kabisa ya kuwapo kwa Mungu na viumbe ikisemwa na wasuka mikeka na wavuvi, na hakuna aliyekwenda kivulini.

Mia mbili na tatu zilipokwisha, Bwanaheri akasoma zile zilizobaki kashani. Alisoma kumi. Ya kumi na moja aliigeuza upande huu na upande ule, akasema, "Hii haina kitu. Nilikuwa nimeipigia mistari tu, kwa ajili ya siku nikirudi kutoka ng'ambo ya Ruvu."

"Lete," akasema Mwanamvua. "Huo ni wangu."

Akaukunja, akautia kifuani, na alipokufa mwenyewe alizikwa nao.

Hatutangulii hukumu ya Kanisa, wala hatusemi kwamba masizi yaliponya mtu. Yeye mwenyewe alitukataza. Tunasema tuliyoyapokea. Bwanaheri aliandika upya kurasa zote kutoka vinywani mwa watu, na zimehifadhiwa misheni. Na Zinga hata leo mama anapomwogesha mtoto mchanga mara ya kwanza humsemea sikioni ule wa kwanza wa Mwaija. Anayetaka kumwiga Padre Klementi asidhani kwamba ni lazima awe msomi. Ukiletewa habari kwamba kazi ya maisha yako imepotea, na mwenye kuleta habari amepiga magoti mbele yako, ulizia kwanza kama Mwaija yupo. Kisha mpe mgeni chakula.